Walisomeshwa kurudi nyumbani

Watu wa hapa Uyole wakishajua nina ndugu Marekani, swali linalofuata ni lilelile: wale watoto wa dada yako siku hizi ni kina nani? Wanategemea niseme daktari, mwanasheria, bosi fulani. Nikisema mmoja anaendesha lori, wa pili bado yuko chuo cha uuguzi, na wa mwisho ndiyo kwanza yuko sekondari na hajui anataka nini, naona sura zinavyobadilika. Mama mmoja ninayenunua kwake mboga aliniambia bila kuzunguka: "Mwalimu, sasa si bora wangebaki Kigoma tu?"

Mimi nafundisha hisabati sekondari, hapahapa Mbeya. Jibu la yule mama ni refu, halisemeki huku umeshika fungu la mchicha, ndiyo maana naliweka hapa.

Kwanza ukoo. Nilizaliwa Mishamo, kwenye makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Mama yangu aliingia Tanzania. Dada yake, mama mkubwa, akashika njia ya Uvira, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Binti wa mama mkubwa, ambaye kwetu ni dada tu, aliolewa na Mbembe wa Fizi. Vita vilipolipuka Kongo mwaka 1996 walivuka ziwa na kupelekwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu, mkoa wa Kigoma. Watoto wake watatu wamezaliwa humo. Majina yao ya kweli siyaandiki. Nitawaita Bahati, Riziki na Asukulu.

Mwaka 2016 familia nzima ilipokelewa Marekani kama wakimbizi, ikapelekwa Louisville, jimbo la Kentucky. Bahati alikuwa na miaka 18, Riziki 15, Asukulu 7. Ndege moja, nyumba moja, mama mmoja. Kabla hawajaondoka niliongea nao kwenye simu na kila mmoja akaniambia atakuwa nani. Bahati daktari. Riziki daktari. Asukulu alisema rubani, nadhani kwa sababu siku hizo habari nyumbani ilikuwa ndege tu.

Hilo la udaktari msilicheke. Hata hapa kwangu kidato cha kwanza nikiwauliza, nusu ya darasa ni madaktari, waliobaki ni wanajeshi na wanasheria. Wazazi wao wanalima viazi na wanasomesha kwa viazi hivyohivyo, lakini hakuna hata mmoja anayetaja kilimo. Mtoto hutaja kazi anayoona watu wanaiinamia. Kambini anayeinamiwa ni daktari, na yule anayeshuka kwenye Land Cruiser nyeupe akiwa na kitambulisho shingoni. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema vijana wa wakimbizi hawana malengo, au wana malengo makubwa kuliko akili zao. Malengo wanayo kama wenzao. Kilichowatofautisha watoto hawa watatu ni kitu kingine kabisa, na mimi kama mwalimu nakiona kwenye madaftari.

Nyarugusu watoto wa Kikongo husoma mtaala wa Kongo. Siyo wa Tanzania. Lugha ya kufundishia sekondari ni Kifaransa, na mwishoni wanafanya mtihani wa taifa wa kwao, wanaouita Exetat. Warundi nao walikuwa na mtaala wa Burundi. Mantiki yake ni kwamba mkimbizi ni mtu wa kurudi, basi asomeshwe kwa ajili ya kule atakakorudi. Kwenye karatasi inaeleweka. Lakini Bahati alizaliwa kambini, akaanza shule kambini, akafika mwaka wa tano wa sekondari, mkondo wa biokemia, bila kukanyaga hiyo Kongo aliyokuwa akiandaliwa. Nje ya kambi haruhusiwi kutoka bila kibali zaidi ya kilomita nne. Kasulu mjini anaisikia tu. Halafu siku moja anashushwa Kentucky, mahali ambapo Kifaransa chake hakina wa kukisoma.

Na si mara ya kwanza nchi hii kufanya hivyo. Ukipanda basi la Iringa kwenda Makambako utapita Ifunda, na ukiendelea mkoa wa Njombe kuna Kidugala. Wengi tunavijua kwa shule zake. Miaka ya 1940 sehemu hizo zote mbili zilikuwa na makambi ya wakimbizi wa Kipolandi, hasa kina mama na watoto, waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu, wakatokea Uajemi, wakaletwa huku na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kambi kubwa kuliko zote nchini ilikuwa Tengeru, Arusha. Makambini humo watoto walisoma shule za Kipolandi, kwa Kipolandi, wakingoja vita viishe warudi kwao. Vita viliisha, kwao kukashikwa na Wakomunisti, wengi hawakurudi. Mwishoni mwa miaka ya arobaini wakatawanywa: Uingereza, Australia, Kanada. Mwaka 1949 yatima zaidi ya 100 wa Tengeru walipelekwa Kanada na padri wao. Nilipoyasoma hayo nikiwa mwanafunzi Iringa nilicheka peke yangu. Miaka sabini baadaye, nchi ileile, na bado tunamsomesha mtoto kwa ajili ya safari ambayo haipo.

Kwa nini mimi niko Mbeya nashika chaki? Kwa sababu Mishamo hatukufanyiwa hivyo. Wale wa 1972 walipewa ardhi walime, na watoto wao wakaingizwa kwenye mtaala wa Tanzania, kwa Kiswahili. Mtihani wangu wa darasa la saba ulikuwa karatasi ileile aliyofanya mtoto wa Mpanda mjini. Nilikuwa mkimbizi kwa karatasi, lakini Pythagoras niliyefundishwa ndiye aliyenifuata hadi kidato cha sita na hadi leo.

Uraia ulikuja nyuma sana. Kati ya mwaka 2007 na 2008 kila familia iliulizwa kama inarudi Burundi au inaomba kuwa Watanzania, na kama asilimia 80 tukasema tunabaki. Maombi yakakubaliwa 2010. Vyeti vyenyewe vikakaa. Nilimaliza kidato cha sita 2011, ufaulu ninao, lakini mkopo wa elimu ya juu ni wa Mtanzania, na Utanzania wangu ulikuwa umefungiwa kabatini. Nikarudi kulima tumbaku ya baba. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014 kwa watu wapatao 162,000, miaka 42 tangu wazazi wetu wavuke. Mwaka uliofuata niliingia Mkwawa, Iringa, kusomea ualimu wa hisabati. Nilikuwa bibi kizee wa darasa, lakini hakuna nilichofundishwa ambacho msingi wake sikuwa nao.

Sasa turudi kwa Riziki, maana hapo ndipo nilipoyaona mambo kwa macho.

Shule za Marekani hupanga mtoto kwa umri. Una miaka 15? Darasa la tisa. Umefundishwa nini huko ulikotoka, hilo tutalijua mbele ya safari. Alianza kunitumia picha za kazi zake WhatsApp. Akitoka shule kwao saa tisa mchana, mimi Mkwawa ni saa tano usiku, wenzangu wamelala, nimejifunika blanketi na simu kwa ajili ya baridi la Iringa.

Picha ya kwanza ilikuwa na alama nyekundu za kosa kila mahali. Swali lilisema gari limebeba mzigo wa ratili 1,250, likaongezewa nyingine kadhaa, jumla ni ngapi. Jibu la Riziki lilikuwa dogo ajabu, kama vile gari limebeba mkate. Nikatazama mara mbili. Mtoto alikuwa ameisoma 1,250 kama moja na robo. Kwa Wakongo, kama Wabelgiji waliowaachia mtaala, mkato ndio unaotenga desimali; sisi na Wamarekani tunatumia nukta, na mkato tunauweka kwenye maelfu. Swali la tatu alijibu "2,5", akimaanisha mbili na nusu, na jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mwalimu akadhani ni nukta za kwenye grafu, akauliza pembeni kwa nini hakuweka mabano.

Kugawanya ndiyo kulikuwa kichekesho. Sisi tunaweka kigawanyo kushoto, jibu linapanda juu. Yeye anapiga mstari wima, kigawanyo kinakaa kulia, jibu linaandikwa chini yake. Hatua zote ziko sawa. Lakini mtu asiyeujua mpangilio ule anaona namba zimemwagwa tu. Mwalimu wake aliandika kwamba aanze upya na msaada wa darasa la nne. La nne! Binti aliyekuwa anatafuta tanjenti za pembe Nyarugusu, isipokuwa yeye tanjenti anaiandika "tg", na hiyo nayo ikawa kosa.

Nilimwandikia ukurasa mmoja wa tafsiri ya alama: hiki kwenu, hiki kwao. Akaupeleka kwa mwalimu. Namsifu yule mwalimu wa Kimarekani, aliusoma, akamwita Riziki, akamfanyia mtihani upya akiwa amekaa naye. Baada ya Krismasi alihamishwa darasa la hisabati la wenzake. Najiuliza wangapi hawana mama mdogo wa hisabati.

Kingereza kilikuwa mlima wake wa pili, na hicho sikuwa na la kumsaidia zaidi ya kumtia moyo. Juu ya hayo, ndani ya mwaka mmoja yeye ndiye aliyekuwa mdomo wa familia. Barua ya umeme ikija, Riziki. Mwenye nyumba akipiga simu, Riziki. Mama yake ana miadi hospitali, Riziki anakosa vipindi viwili ili aende kutafsiri mambo ya tumbo la uzazi ambayo binti wa miaka 16 hapaswi kuambiwa kuhusu mama yake. Hospitali za kule zina wakalimani, lakini dada alisema hawezi kumweleza mtu wa kwenye simu siri zake. Huko ndiko udaktari wa Riziki ulikobadilika kuwa uuguzi. Sikumwona akilia. Alisema tu kwamba daktari anaingia dakika tano na kutoka, anayebaki na mgonjwa ni nesi, na yeye kazi hiyo ameshaifanya miaka miwili bila mshahara.

Alimaliza sekondari 2020, mwaka wa korona, akisomea mezani jikoni. Akachukua kozi fupi ya wasaidizi wa wauguzi, akaajiriwa nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Uuguzi wenyewe anausomea chuo cha jamii, kwa vipande, somo moja au mawili kwa muhula. Msaada wa serikali ya kule kwa wanafunzi, wakimbizi wanastahili kuomba kama wenyeji, na aliupata. Ada siyo iliyomchelewesha. Kilichomchelewesha ni kodi ya nyumba, na sisi.

Ndiyo, sisi. Nitalisema kupitia Bahati, maana yeye ndiye aliyeumia zaidi.

Bahati alifika na miaka 18. Kisheria angeweza kuandikishwa sekondari. Lakini msaada wa mashirika yanayopokea wakimbizi ni wa siku 90 hivi za mwanzo, baada ya hapo familia inategemewa isimame yenyewe. Nauli ya ndege nayo ni mkopo. Miezi sita haijapita barua ya kuanza kulipa imeshafika. Nyumba ya watu watano ina mtu mzima mmoja mwenye afya ya kubeba, kwa sababu shemeji mgongo ulishaharibika kambini. Keswoka wao, ndivyo dada anavyomwita yule mhudumu wa shirika, akasema kuna kazi kwenye ghala la vifurushi, usiku. Biokemia ikaishia hapo. Mchana alijaribu kusomea GED, mtihani wa wasiomaliza sekondari, wenye masomo manne. Hisabati akapita. Sayansi akapita. Mtihani wa lugha ukamrudisha, akajaribu tena, ukamrudisha.

Wakati huohuo kundi letu la WhatsApp la ukoo lilikuwa linawaka. Fulani anaoa, mchango. Bati za bibi zimeruka, mchango. Msimu umefika, tunaomba laki tatu ya mbolea. Niliwahi kuhesabu jumbe za wiki moja zilizoanza na "Baba wa Marekani". Mtu ana miaka 19! UNHCR yenyewe, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, inasema wanaopata kuhamishiwa nchi ya tatu hawafiki hata asilimia moja ya wakimbizi wote kwa mwaka, kwa hiyo aliyeko kambini au Mishamo akimwona mwenzake ameenda, anamwona ameokota almasi. Hawezi kuamini kwamba aliyeokota hana nauli. Na Bahati, kwa malezi aliyopewa, hawezi kusema hapana kwa bibi. Alichukua zamu ya pili. Darasa la lugha lilikuwa jioni, saa ileile ya zamu ya pili. Hapo unajua kilichofuata.

Niliandika kwenye kundi kwamba laki tatu zile ni saa za darasa za huyu kijana, tuchague tunataka kipi. Mjomba mmoja akanijibu kwamba elimu ya kizungu imenifanya mchoyo wa mali isiyo yangu. Akajitoa kundini. Baada ya wiki karudishwa, maombi yameendelea. Mbolea ina msimu wake, shahada haina, ndivyo wanavyoona.

Leo Bahati ana leseni ya malori makubwa. Anavuka majimbo, ananitumia picha za theluji, anapika ugali kwenye jiko la umeme ndani ya kichwa cha lori. Anaweka akiba anunue lori lake. Anapenda kazi yake, na pesa anayopata ingemshangaza yule mama wa mboga. Kwa hiyo nikisikia mtu anamwita aliyeshindwa, namwambia aje tuongee. Ila pia sitajifanya kwamba alichagua. Kijana aliyekuwa wa kwanza kwenye biokemia kambi nzima ya watu zaidi ya laki moja hakukaa chini siku moja akasema napenda zaidi malori.

Asukulu sina mengi ya kusema. Alifika na miaka 7, darasa la pili, hakuwa na Kifaransa cha kukipoteza wala mkato wa kuusahau. Kingereza kikamshika ndani ya mwaka. Yeye ndiye mwenye alama nzuri kuliko wote, na ndiye asiye na haraka: leo kompyuta, kesho mpira wa kikapu, keshokutwa anataka kurekodi video. Dada analalamika kwamba mtoto hana malengo. Mimi naona ana anasa ya kutojua bado, na kaka yake aliyebeba vifurushi usiku ndiye aliyemlipia.

Ulimwenguni, vijana wakimbizi wanaofika elimu ya juu walikuwa asilimia 3 mwaka 2019. Mwaka 2023 wakawa 7, na lengo ni 15 ifikapo 2030. Sijui kwa nini watu wakitaja namba hizo wanazungumzia ufadhili tu. Ufadhili unamkuta aliyefika mlangoni. Kakuma, Kenya, watoto wakimbizi wanasoma mtaala wa Kenya. Uganda wanakaa darasa moja na watoto wa wenyeji. Kama mtoto aliyezaliwa Nyarugusu angefanya mtihani wa NECTA, ule wa taifa wa hapa Tanzania, angeweza kubaki, angeweza kwenda, na hata akirudi Fizi asingekuwa mjinga. Najua kuna wanaoogopa kwamba akisoma kama Mtanzania hataondoka. Wanaweza kuwa na hofu yao. Mishamo tulisoma kama Watanzania, na sasa baadhi yetu tunawafundisha watoto wenu logarithimu.

Wapo walio kwenye hali mbaya kuliko hawa watatu. Mdogo wake shemeji yuko Nyarugusu bado, usaili ulishafanyika, vipimo vya afya vilishapita. Akaacha shule mwaka wa nne kwa sababu "tunasubiri ndege, Kifaransa cha nini tena?" Januari 2025 Marekani ikasimamisha upokeaji wa wakimbizi. Sasa hana ndege, na wenzake wa darasa wameshafanya Exetat. Nimemsihi arudi hata akae na wadogo zake. Amesema atafikiria, jibu ambalo kila mwalimu anajua maana yake.

Wiki iliyopita Asukulu alinipigia mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, kawaida husukumiwa simu na mama yake. Shule yao inampa mwanafunzi alama za ziada akifaulu mtihani wa lugha nyingine, na Kiswahili kimo. Alidhani atapita bila kusoma kwa sababu nyumbani wanakiongea. Akafanya jaribio la kwanza, akarudishiwa "kitabu yangu" na "watu ile" zikiwa zimezungushiwa. Amekasirika kweli. Anasema mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo, na dada kwa nyuma nikamsikia anasema Fizi hawana shida na ngeli.

Tunaanza Jumamosi, saa mbili asubuhi ya kwao. Nimemwambia aje na daftari, siyo simu.